Kuhamisha Msimbo Si Kufagia

Pendekezo langu la mradi wa mwaka wa mwisho lilirudi likiwa na maneno matatu ya wino mwekundu: "Hakuna jipya hapa." Chini yake sahihi, na tarehe. Sikuandika insha hii ili nionewe huruma. Aliyeandika maneno hayo ni mwalimu ninayemheshimu, na alinieleza sababu zake kwa upole ofisini kwake. Naandika kwa sababu naamini maneno hayo ni makosa, na makosa yenyewe si ya mtu mmoja. Ndivyo tulivyozoea kupima kazi za kompyuta katika vyuo vyetu, na mazoea hayo yanatugharimu.

Nisomee nini, mtauliza. Nasomea ualimu hapa Kampala, na masomo yangu mawili ya kufundishia ni Kiswahili na tehama. Wenzangu wa Kiswahili huniuliza kompyuta zinanisaidia nini katika ngeli na mnyambuliko; wenzangu wa tehama huniuliza kinyume chake. Nilikuwa sina jibu zuri mpaka nilipotumwa Jinja kwa mazoezi ya kufundisha.

Katika shule niliyopangiwa, mwalimu wa Kiswahili alikuwa na kitu ambacho sikutarajia kukikuta: picha ya bwawa la umeme yenye pande tatu, inayozungushwa kwa kipanya, na inayotembea. Maji yanashuka, mitambo mitatu inazunguka, waya zinawaka rangi ya njano hadi kwenye nyumba ndogo pembeni. Bwawa lenyewe wanafunzi wale wanalijua. Ni Nalubaale, lile lililofunguliwa mwaka 1954 na ambalo wazee wengi bado wanaliita Owen Falls. Lina mitambo kumi. Mchoraji aliweka mitatu tu, nadhani kwa huruma ya kompyuta za shule. Mwalimu alikuwa analitumia kufundisha vitenzi. Maji yanazungusha mtambo. Mtambo unazungushwa na maji. Mtambo unazunguka. Darasa zima linaangalia skrini moja na linasema kwa sauti, na hakuna anayeuliza tofauti ya kuzunguka na kuzungusha ni ipi, kwa kuwa anaiona.

Aliyetengeneza kitu hicho alikuwa mwanafunzi kama mimi, aliyepita pale kwa mazoezi miaka mingi kabla yangu. Aliacha flashi moja yenye folda moja. Ndani mlikuwa na ukurasa wa wavuti, mchoro wa Blender, na nakala ya maktaba ya michoro iitwayo Three.js, toleo la 71. Namba hiyo niliikuta ndani ya faili lenyewe. Yeye mwenyewe hakuwa ameiandika popote.

Mwalimu aliniomba jambo dogo. "Mwanangu, hebu niwekee lango la maji. Nataka kufundisha kufunga, kufungwa, kufungua, kufunguka." Nilimwambia nipe siku mbili. Nilichukua wiki saba.

Sasa nieleze zilikwenda wapi, maana hapo ndipo hoja yangu ilipo.

Three.js ilianzishwa na Ricardo Cabello, anayejulikana zaidi kwa jina la Mr.doob, na iliwekwa wazi kwa umma mwaka 2010. Ni bure, kila mtu anaruhusiwa kuitumia na kuibadilisha, na kazi yake ni kukuwezesha kuchora vitu vya pande tatu ndani ya kivinjari bila kuandika amri za chini kabisa za kadi ya michoro. Inatoa matoleo mengi, karibu kila mwezi mmoja. Mwaka 2015 mfumo wake wa uhuishaji, yaani sehemu inayofanya vitu vitembee, ulibadilishwa wote. Nyaraka za maktaba zenyewe hadi leo zinamtahadharisha msomaji kwamba maelezo ya zamani yamejaa mitandaoni na yatampotosha. Amri zilizotumiwa na yule ndugu yangu wa flashi ziliachishwa kazi, kisha zikaondolewa.

Kwa nini nisiliache toleo la 71 lilivyo na kuongeza lango langu humo? Nilijaribu. Lango nililichora katika Blender ya sasa, na Blender ya sasa hutoa michoro kwa muundo uitwao glTF, ambao toleo lake la pili lilitangazwa mwaka 2017. Toleo la 71 ni la kabla ya hapo. Halijui muundo huo ni mnyama gani. Ule mtambo mdogo wa zamani uliokuwa ukitoa michoro kutoka Blender kwa muundo wa zamani nao haukufanya kazi tena katika Blender iliyobadilika sana mwaka 2019, ilipotoka namba 2.80. Nilikuwa na mlango wa mbele uliofungwa na wa nyuma uliofungwa. Kuongeza lango moja kulitaka kuhamisha nyumba nzima.

Mwenzangu mmoja wa tehama, kijana hodari, aliniambia: "Badilisha majina tu. Hili la zamani linaitwa hivi, hili jipya linaitwa vile. Tafuta, badilisha, maliza." Namtaja kwa sababu maneno yake na yale ya wino mwekundu ni mamoja. Kama kuhamisha ni kubadilisha majina, basi kweli hakuna jipya, na kweli mtu asipewe shahada kwa kazi hiyo, kama asivyopewa shahada kwa kufagia ukumbi.

Nilimfuata ushauri. Katika mfumo wa zamani palikuwa na msimamizi mmoja wa vitu vyote, aliyeitwa AnimationHandler. Kila fremu unamwambia mara moja tu: tangu mara ya mwisho umepita muda fulani. Yeye anapita kwa kila kilichosajiliwa na kukisogeza. Katika mfumo mpya msimamizi huyo hayupo. Kuna AnimationMixer, na kila kitu kinachotembea kwa kawaida huwa na wake. Nikaandika mitatu, mmoja kwa kila mtambo, na pale palipokuwa na msimamizi nikaandika mistari mitatu, kila mmoja ukiiuliza saa muda uliopita kwa amri ileile ya zamani, getDelta.

Mtambo wa kwanza ukazunguka vizuri. Wa pili na wa tatu ukasimama kama mtu anayesubiri basi. Hakuna onyo jekundu, hakuna kosa lililoandikwa popote. Nilikagua mchoro. Nilikagua majina. Nilichora mitambo upya. Siku ya nne, usiku, umeme umekatika na mimi nimekaa na kalamu na karatasi, nikaandika hatua moja moja ya fremu moja, ndipo nikaona. Amri ile ya saa haisemi muda uliopita tangu fremu iliyopita. Inasema muda uliopita tangu ulipoiuliza mara ya mwisho. Mtambo wa kwanza uliuliza ukaambiwa, tuseme, sehemu kumi na sita za elfu za sekunde. Wa pili uliuliza papo hapo, ukaambiwa karibu sifuri. Wa tatu hivyohivyo. Ilikuwa ikizunguka, kwa kweli, ila kwa mwendo ambao ungehitaji subira ya mlima.

Dawa yake ni kuiuliza saa mara moja, kuhifadhi jibu, na kuwagawia wote watatu jibu hilohilo. Mstari mmoja. (Baadaye watunzaji wa maktaba waliongeza saa nyingine, Timer, unayoweza kuiuliza mara nyingi ndani ya fremu moja bila jibu kubadilika. Kwa hiyo sikuwa mjinga peke yangu.)

Ndugu msomaji, angalia kilichotokea hapo. Jina halikuwa tatizo. Kilichohama ni wajibu. Zamani kutunza muda wa vitu vyote kulikuwa mikononi mwa maktaba; sasa kumewekwa mikononi mwangu, na hakuna aliyenigongea mlango kuniambia. Mtu anayebadilisha majina hawezi kuliona hilo. Analiona yule tu anayejiuliza kila amri ya zamani ilikuwa inafanya nini kimyakimya, na nani ataifanya kazi hiyo sasa.

Lango nalo lilikuja na yake. Katika mfumo mpya kipande cha uhuishaji ni data tu, na kukicheza ni jambo jingine, liitwalo tendo. Tendo lisipoelekezwa hurudia bila kikomo. Lango langu likawa linafunga na kufungua, linafunga na kufungua, kama mbuzi anayetafuna. Nikaliambia lifunge mara moja tu. Likafunga, polepole, kwa heshima, maji yakasimama, mitambo ikasimama, na papo hapo lango likaruka juu likawa wazi tena, huku maji yamesimama hewani. Nilikuwa nimeshalipeleka darasani. Msichana mmoja wa mstari wa mbele akapaza sauti: "Mwalimu, limefungwa halafu limefunguka!"

Mwalimu alicheka hadi akatoa miwani. Alisema hakuna kitabu kilichowahi kumpa mfano mzuri kama huo wa kufunguka, kinachotendeka bila mtendaji. Mimi sikucheka. Picha ile ilikuwa inawaambia watoto wanaoishi kando ya mto kwamba lango likiwa wazi maji husimama. Katika mfumo huo tendo likiisha huachia kitu kilichoshikwa, na kitu hurudi kilipokuwa mwanzo, isipokuwa umeliagiza libaki kwenye fremu ya mwisho. Agizo hilo lina jina lake, clampWhenFinished, na lisipowekwa halipo. Tena si kosa la maktaba; yako mambo mengi ambayo ungetaka yarudi mwanzo. Lakini ni uamuzi, na mtu lazima aufanye akijua lango ni nini na maji ni nini.

Yapo mengine ambayo siyaelezi kwa urefu. Blender ikinakili kitu hukipa jina lenye nukta, Mtambo.001, msomaji wa glTF hulifuta nukta hilo, na msimbo wangu ukawa unamwita mtu ambaye jina lake limeshabadilishwa. Hilo lilinichukua mchana mmoja na chai mbili.

Lakini uamuzi mgumu kuliko yote haukuhusu amri yoyote. Ulikuwa: nihamie toleo lipi? Niliambiwa, kama kila mtu anavyoambiwa, chukua jipya kuliko yote. Nikalichukua. Kompyuta tano kati ya zile za maabara ya shule zikaonyesha ukurasa mweusi. Kuanzia toleo la 163 maktaba haikubali tena WebGL ya kwanza, na mashine zile za msaada haziwezi ya pili. Tena matoleo mapya yanataka msimbo upakiwe kama moduli, na kivinjari hukataa moduli za ukurasa uliofunguliwa kwa kubofya faili kwenye flashi bila seva. Shule ile haina seva. Intaneti ya maabara ni simu ya mwalimu, bando lake mwenyewe. Nikarudi nyuma, toleo baada ya toleo, hadi la 147, la mwisho kubeba faili za msaada za mtindo wa zamani ambazo ukurasa wa kawaida unaweza kuzivuta. Ziliondolewa katika la 148. Na kwa sababu kivinjari hakitaki ukurasa wa flashi usome hata faili la jirani yake, mchoro mzima niliufungasha kama maandishi ndani ya faili la msimbo, nikampa msomaji wa glTF moja kwa moja.

Nimeeleza yote hayo ili niulize swali moja kwa walimu wangu. Ni mradi gani wa mwaka jana katika maonyesho yetu uliohitaji maamuzi mengi hivyo kuhusu watu halisi, mashine halisi na somo halisi? Nilitembea katika maonyesho yale. Niliona programu nne za kuagiza chakula, tatu za kuita bodaboda, na moja ya kuita bodaboda inayokuletea chakula. Zote mpya. Zote zilipata alama, nyingine nyingi sana. Leo zote zimekufa, na hakuna aliyelia, kwa maana hazikuwahi kuwa na mtumiaji hata mmoja isipokuwa mtahini. Kipya kinyemi ingawa kidonda, walisema wahenga, na sisi tumeufanya msemo huo kuwa mwongozo wa kusahihishia. Picha ya Jinja imefundisha watoto vitenzi kwa miaka, na siku ilipotaka kufa hapakuwa na alama hata moja kwa atakayeiokoa.

Hapa niwageukie wa idara ya pili, ya Kiswahili, maana ninyi mnalijua jambo hili kuliko wanakompyuta na mmekaa kimya. Mwanafunzi akileta tafsiri ya kitabu kama kazi ya mwisho, je, mnamwandikia hakuna jipya kwa sababu kitabu kilikuwapo? Mnampa alama. Mnajua kutafsiri si kubadilisha maneno kwa kutumia kamusi. Mnatufundisha hilo muhula wa kwanza. Mwalimu Nyerere alitafsiri tamthilia ya Shakespeare kuhusu Julius Caesar, ikachapwa mwaka 1963. Kisha akairudia, akaisahihisha, na mwaka 1969 ikatoka tena kwa jina la Juliasi Kaizari. Alikuwa rais wa nchi, hakukosa kazi nyingine ya kufanya, na bado aliona tafsiri yake mwenyewe ya miaka sita nyuma inastahili kuhamishwa tena. Tunasoma matoleo yote mawili darasani na kuandika kurasa juu ya tofauti zake. Nipeni sababu kwa nini kuhamisha maana kutoka mfumo hadi mfumo ni usomi ikiwa ni maneno, na ni ufagio ikiwa ni msimbo.

Najua yatakayosemwa. Nimeshayasikia.

Wapo wasemao nisingehama kabisa: usiache mbachao kwa msala upitao. Hawa nawakubalia nusu. Kama mwalimu asingeomba lango, ningeliacha toleo la 71 liendelee kufanya kazi yake hadi kompyuta zife. Kukimbilia kila toleo jipya ni ugonjwa, na naujua kwa kuwa niliwahi kuugua. Kosa la ndugu yangu wa flashi halikuwa kubaki na la zamani. Kosa lake lilikuwa kutoandika ni la zamani gani, linategemea nini, na alitoa mchoro kwa njia ipi. Mstari mmoja wa maandishi ungeniokolea wiki moja kati ya saba. Na mbacha huo wanaousifu ulikuwa mzuri mpaka siku mtu alipotaka kuongeza uzi mmoja.

Wapo wanaowatupia lawama wenye maktaba: watu wa mbali hubadilisha mambo bila kutuuliza, na sisi tunalipa. Moyo wangu unaelekea huko, lakini sitasema uongo. Walitoa kazi yao bure. Matoleo yote ya zamani bado yanapatikana, ndiyo maana niliweza kurudi hadi la 147. Kuna mwongozo wa kuhamia unaotaja toleo kwa toleo kipi kimebadilishwa. Ninachowadai ni kidogo: mwongozo huo hunipa jina jipya la kitu, na mara nyingi haunipi sababu. Ungesema tu "kuanzia sasa muda ni wajibu wako", nisingekaa gizani siku nne. Lakini hilo nalo ni pengo ambalo mwanafunzi angeweza kulijaza, kwa Kiswahili, kama lingekuwa na alama.

Naam, kwa Kiswahili. Kikundi chetu cha masomo kilibishana jioni nzima tuseme nini kwa amri ambayo wenye maktaba wameitangaza kuwa isitumiwe tena ingawa bado ipo. Mmoja alitaka "iliyopitwa na wakati". Nilipinga, kwa sababu amri iliyopitwa na wakati inaweza kuwa haina habari, wakati hii imeambiwa rasmi. Mwingine alitaka "iliyokufa", na hiyo ni uongo, bado inajibu ukiiita. Tukafukua asili ya neno la Kiingereza na kukuta kitenzi cha Kilatini, deprecari, kuomba dua ili jambo baya liepushwe. Tulicheka: kumbe kila onyo la njano kwenye skrini ni mtu anakuombea. Tulikubaliana na "iliyostaafishwa". Mstaafu yupo nyumbani, unaweza kumwita akusaidie, lakini ofisi haimtegemei na siku moja utaenda umkose. Nimelitumia neno hilo katika maelezo yote niliyoyaweka kwenye flashi, na mwalimu wa Jinja, asiyejua kuandika hata mstari mmoja wa msimbo, aliyasoma akaelewa kwa nini wiki saba.

Pingamizi la mwisho ndilo la mwalimu wangu mwenyewe, na ni zito. Aliniambia: nikiruhusu mradi wa kuhamisha, kesho wanafunzi ishirini wataleta kazi za wengine zilizobadilishwa majina, nami nitajuaje? Ni kweli. Na jibu haliwezi kuwa "tuamini". Basi mtahini adai vitu ambavyo mbadilisha majina hana. Adai matoleo mawili, la zamani na jipya, yakionyeshwa bega kwa bega kwenye mashine ileile, na mwanafunzi aseme yanatofautiana wapi na kwa nini. Adai orodha ya kila wajibu uliotoka kwa maktaba ukaja kwa mwandishi, au kinyume chake. Amwulize: kwa nini toleo hili na si lile lingine? Nani atakosa kuona picha kwa uamuzi huu? Amkatie mstari mmoja mbele yake na amwambie atabiri kitakachoharibika kabla ya kubofya. Mimi ningekatiwa ule wa saa, ningemwambia: wa kwanza utazunguka, wawili watasimama. Mwenye programu ya bodaboda na chakula aulizwe vivyo hivyo kuhusu yake, tuone.

Nasikia pia mnong'ono kwamba kazi kama hii ni ya mafundi, si ya wasomi. Sijui mpaka huo ulichorwa wapi. Fundi mzuri wa saa pale mjini akikuta saa yako imesimama haanzi kwa kuuza nyingine. Anaifungua, anauliza meno ya gurudumu hili yanashikana na lipi, na akiweka kipande kipya anajua kimebeba kazi ya kipi. Ningefurahi kuitwa fundi wa namna hiyo. Lakini nalipa ada ya msomi, na ninachofanya kinahitaji kusoma msimbo wa mtu ambaye sitaonana naye, nielewe alikusudia nini, na nikiseme tena ili watoto wa mstari wa mbele wasidanganywe.

Lango sasa linafungwa na linabaki limefungwa. Mwalimu ameniagiza nimwachie kitufe cha siri kinachorudisha lile kosa la kuruka, kwa somo lake la kufunguka, nami nimemwekea. Katika folda kuna faili jipya la kwanza kabisa, linaitwa SOMA_KWANZA, na mstari wake wa juu unasema: Three.js toleo la 147, mchoro umetolewa kwa glTF, ukihama uangalie nani anashika saa.

Ombi langu la pili lipo kwenye meza ya idara tangu wiki ya tatu ya muhula. Halina neno "mpya" hata mara moja. Nimeambatisha flashi mbili, ya zamani na ya sasa, na nimeomba nihojiwe mbele ya kompyuta badala ya mbele ya karatasi.